Masafa ya Tunduma

Watu wa visiwani hawakuwahi kuupima umbali kwa urefu peke yake. Mzee wa zamani akiulizwa Lamu iko mbali kiasi gani hakutaja maili, alitaja upepo: kwa kusi njema ni siku kadhaa, kwa kaskazi usijisumbue. Muscat nayo ilikuwa mwendo wa msimu. Vyombo vilishuka na kaskazi baina ya Disemba na Machi, vikapanda na kusi ilipoanza kuvuma kiasi cha Aprili, na aliyekosa upepo wake hakuchelewa siku wala wiki. Alichelewa mwaka. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba nyimbo zake zitiwe katika santuri, alikwenda kwa meli, na watu waliobaki Unguja walihesabu siku za kwenda, siku za kazi na siku za kurudi, kila moja mbalimbali. Masafa hayo, yakinyooshwa kama uzi, ni kilomita 4,600 hivi. Ndege ya leo huyakata kwa saa sita au karibu ya hapo.

Ilipokuja ndege, lugha haikuhangaika sana kutafuta maneno mapya. Ilichukua yaliyokuwepo. Ndege aliyekuwa akitua mtini akampa jina lake dude la chuma. Rubani, aliyekuwa akiongoza vyombo baharini, alipandishwa angani bila ya kubadilishiwa cheo. Na kitenzi kutua, ambacho mchukuzi alikitumia kwa mzigo na watu wote walikitumia kwa jua, kikaongezewa kazi ya tatu. Neno moja sasa linabeba mambo matatu, na yanaweza kumfika mtu mmoja katika siku moja, kama itakavyoonekana mbele.

Majedwali ya safari ya siku hizi hutoa majibu mawili kwa swali moja, yaani masafa na muda. Masafa ni mstari ulio mfupi kuliko yote juu ya tufe la dunia, kutoka kiwanja hadi kiwanja, kana kwamba hapana milima, mipaka wala foleni. Muda ni ule ulioandikwa na shirika la ndege, unaohesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa mpaka inapoegeshwa tena. Muda wa kwenda kiwanjani haumo, wala wa kungoja, wala wa kutafuta nafasi, wala wa kutoka kiwanjani hadi kwenye mlango wa nyumba ambayo msafiri anaitwa. Jedwali halidanganyi. Limejibu lililoulizwa.

Chukua mfano ulio karibu na wasomaji wa kurasa hizi. Kutoka Unguja hadi Muscat, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 3,900, na ndege ya moja kwa moja huchukua saa tano na ushei. Kutoka Unguja hadi Tunduma, kwa mstari huohuo, ni kilomita zipatazo 790. Muscat basi iko mbali karibu mara tano kuliko Tunduma. Lakini katika safu ya muda, mbele ya jina la Tunduma, hapana kitu cha kuandika, kwa kuwa hapana ndege ya abiria ya ratiba inayotua huko. Anayetaka kwenda hana budi kujumlisha mwenyewe: dakika 20 za ndege ndogo kuvuka mkondo hadi Dar es Salaam, au saa mbili za boti, kisha kilomita takriban 690 za angani hadi kiwanja cha Songwe, ambazo ni saa moja na robo hivi kwa ndege ya jeti na karibu ya saa mbili kwa ya pangaboi, kisha gari, kilomita 80 na zaidi, kuelekea magharibi na kusini hadi mpakani. Ukijumlisha saa za vyombo peke yake utapata kiasi cha saa nne, au saa tano. Aliyewahi kuifunga safari hiyo atacheka, kwa kuwa baina ya chombo na chombo ndiko siku inakoishia.

Kiwanja chenyewe kina kisa cha jina. Kilianza kupokea ndege za abiria Disemba 2012, baada ya ujenzi uliochukua miaka mingi, kikichukua nafasi ya kiwanja kidogo cha zamani cha mjini Mbeya. Kiko karibu na Mbalizi, na kikaitwa Songwe. Mwaka 2016 sehemu ya magharibi ya Mkoa wa Mbeya ilikatwa ikawa mkoa mpya wenye makao makuu Vwawa, nao ukaitwa Songwe vilevile. Kiwanja hakikuhama, kikabaki upande wa Mbeya. Hivyo msafiri anayeshuka Songwe bado hajaingia Songwe. Hata mito yenye jina hilo ni miwili, mmoja ukimwaga maji yake katika Ziwa Rukwa na wa pili katika Ziwa Nyasa baada ya kuchora mpaka wa Tanzania na Malawi. Na mtu wa visiwani anayeisogelea Tunduma kwa mara ya kwanza husoma kibao cha mahali ambapo magari ya mizigo hupimwa uzito, akasoma tena asiamini macho yake: Mpemba. Ni jina la kata, na asili yake haina uhusiano na kisiwa cha karafuu, lakini wapo waliotabasamu.

Tunduma haikuwa mji mkubwa. Siasa ndiyo iliyoukuza. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia iliona njia yake ya kusini kuelekea baharini imo mikononi mwa mahasimu, ikageuza uso Dar es Salaam. Kwanza yalikuja malori katika barabara ya vumbi na matope iliyoua watu wengi. Kisha likalazwa bomba la mafuta hadi Ndola, likafunguliwa 1968. Kisha ikaja lami, na baada yake reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Yote hayo yalipita Tunduma au karibu yake. Leo shaba ya Zambia na ya Kongo hushuka kwa njia hiyo kuelekea bandarini, na mafuta, mbolea, magari yaliyotumika na bidhaa za madukani hupanda. Dereva wa lori hutoka bandari ya Dar es Salaam akafika Tunduma, kilomita zipatazo 930 kwa barabara, kwa siku mbili au tatu. Kisha husimama. Mita mia chache zilizobaki za kuingia Nakonde zimewahi kumla mtu siku nyingi kuliko kilomita zote alizokwisha kuzikata. Kituo cha pamoja cha forodha, ambamo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, kilizinduliwa na marais wa nchi hizo Oktoba 2019 ili kupunguza kusubiri huko. Kimepunguza, lakini foleni haijaondoka.

Mpaka wenyewe ni jambo la ajabu kwa aliyezoea mipaka ya maji. Ulichorwa na Wajerumani na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, ukawapita Wanyamwanga katikati, wengine wakawa huku na wengine kule. Soko la upande mmoja linasikia kelele za soko la upande wa pili. Na mpaka huo si wa nchi tu, ni wa saa pia. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na anayevuka kwa mguu kutoka Tunduma kwenda Nakonde huingia saa iliyopita. Kinyozi wa Tunduma akifungua duka saa mbili asubuhi, mwenzake wa Nakonde anayeuona mlango wake yumo bado katika saa moja. Simu za mkononi zimeongeza utata, kwani simu ikishika mnara wa ng'ambo hurudisha saa nyuma bila ya kumwuliza mwenyewe, na ikishika tena wa huku huipeleka mbele. Wenyeji wanalijua hilo, na wengi wao hawajaacha kuvaa saa za mkono. Mgeni ndiye anayepata tabu, khasa yule ambaye tayari alikuwa akibeba saa mbili kichwani, ya Kiswahili inayoanza kuhesabu jua linapochomoza, na ya tiketi inayoanza usiku wa manane.

Yote haya yangekuwa mambo ya kusimuliana barazani lau si jambo moja. Wako watu wa visiwani wanaofanya kazi Tunduma: wafanyabiashara wa vitambaa na vyombo, mafundi, madereva, mawakala wa forodha. Na kwa watu hao kipimo cha umbali, kile ambacho mtu hukifikiria usiku simu inapolia, ni maziko.

Sharia ya Kiislamu, na ada ya pwani iliyokaa juu yake, hazipendi maiti acheleweshwe. Aliyefariki usiku huzikwa adhuhuri au alasiri. Aliyefariki asubuhi huzikwa siku hiyohiyo ikiwezekana. Hungojwa jamaa aliye njiani, lakini hungojwa kwa saa, si kwa siku. Kwa hivyo kila mtu wa pwani aliye mbali na kwao ana jedwali lake, lisilochapishwa popote, lenye swali moja tu: habari ikitoka saa fulani, nitawahi? Mtu wa Muscat analo jibu lake, na siku ya ndege ya moja kwa moja huenda likawa jibu jema. Mtu wa Tunduma, aliye katika nchi yake mwenyewe, analo lake pia.

Kijana mmoja wa Unguja alikuwa wakala wa forodha huko, mwaka wake wa tisa. Alikuwa mtoto wa kiume pekee, na mbele yake dada wawili. Mama yao aliugua kwa muda mfupi, akafariki usiku mmoja wa Machi, kiasi cha saa nane. Dada mkubwa alingoja mpaka saa kumi ndipo akapiga simu, kwa kuwa aliona si vizuri kumpa mtu habari ile ilhali hana la kufanya ila kukaa macho gizani.

"Kaka, Mama ametutoka."

Baada ya kimya alimwambia lililobaki. Mjomba alikuwa amekwisha kuja, na wazee walikuwa wamesema adhuhuri.

"Dada, niombeeni alasiri," alisema. "Alasiri nitakuwa nimefika, Inshallah."

Dada alikwenda, akarudi. Mjomba amekubali alasiri.

Msomaji wa pwani atajua kwa nini yule kijana aliomba, na kwamba hakuomba kwa ajili ya kuuona uso tu. Mwanamke huteremshwa kaburini na maharimu wake. Mumewe alikuwa amefariki zamani, watoto wengine wote ni wanawake, na wanawake hawaendi makaburini siku ya maziko. Mikono iliyokuwa na haki ya kwanza ya kumweka mama yule katika mwanandani ilikuwa Tunduma, ikitafuta ufunguo wa mlango gizani.

Alipata teksi saa kumi na moja. Njia kutoka Tunduma hadi kiwanjani si ndefu, lakini ni ya malori, na asubuhi ile yalikuwa yamejipanga tangu Mpemba, baadhi yao katikati ya barabara. Walipita pembeni, wakapita Vwawa, wakapita Mlowo, katika nchi ya kahawa ya Wanyiha. Kando ya njia hiyo, katika Wilaya ya Mbozi, ndipo kilipo Kimondo, lile pande la chuma lililoanguka kutoka angani zamani zisizokumbukwa na ambalo wenyeji walilijua kabla dunia ya nje haijapata habari zake mwaka 1930. Uzito wake umetajwa kuwa tani 12, na wengine wakautaja kuwa 16. Ajabu yake ni kwamba hapana shimo lililoonekana mahali kilipoangukia. Kimekaa juu ya ardhi kama kitu kilichowekwa na mtu. Kijana yule alikuwa amewapeleka huko wageni wengi kutoka pwani, akiwaambia kwa mzaha kwamba huyu ndiye abiria wa kwanza kutua Songwe. Asubuhi ile hakugeuza shingo.

Alifika kiwanjani kiasi cha saa moja. Tiketi aliipata, na hiyo ilikuwa bahati. Ndege ilikuwa ije kutoka Dar es Salaam kiasi cha saa mbili, igeuze na kurudi. Lakini nyanda za juu za kusini wakati wa masika zina ukungu wao, na ukungu hausomi ratiba. Kwa miaka mingi ya mwanzo kiwanja kile hakikuwa hata na taa za kuziongoza ndege gizani. Na hata palipo na taa, ukungu mzito ni ukungu mzito. Ndege haikuondoka Dar es Salaam mpaka ilipoarifiwa kwamba mawingu yameinuka. Abiria walikaa. Baadhi yao walikuwa wakienda arusini na wengine mikutanoni, na mwanamke mmoja wa makamo aliyekuwa amekaa karibu naye alimwuliza, kwa Kiswahili cha Kinyakyusa, kama ana mgonjwa. Alipomjibu, yule mama alisema pole, kisha akasema kwa upole kile ambacho kila mtu wa bara angesema:

"Lakini watakungoja, mwanangu. Mtoto wa kiume si watamngoja?"

Si kosa la yule mama. Kwao maiti hungoja. Katika nchi ile, kwa Wanyakyusa, Wanyiha na Wanyamwanga walio wengi, msiba ni wa siku kadhaa. Watu hulala matangani, jamaa wa mbali hutumiwa habari na kungojwa, na aliyefariki ugenini hurejeshwa kwao kwa gari, mara nyingine usiku na mchana kutoka Dar es Salaam, ili alale katika ardhi ya babu zake. Huko umbali haumnyimi mtu maziko, humchelewesha tu. Barabara ileile ya kilomita 930 imekwisha kupitisha majeneza mengi yanayopanda, kwa sababu kwao ndiko kwenye kaburi, na kaburi halianzi bila ya mwenyewe kufika. Pwani mambo ni kinyume. Mtu huzikwa alipofia, ardhi yote ni ya Mungu, na wanaotakiwa kukimbia ni wazima. Ada mbili, kila moja na huruma yake, zilikaa kwenye viti viwili vya chumba kimoja cha kungojea ndege, na kijana hakupata nguvu ya kueleza.

Ada ya bara nayo ina siku zake za kushindwa. Mei 2020, wakati wa maradhi ya korona, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa. Wanyamwanga waliozoea kuvuka barabara kwa miguu kwenda kuomboleza kwa shangazi na binamu walijikuta wanayasikia maombolezo wasiweze kuyafikia. Masafa ya mita mia mbili yalikuwa hayana muda wa kuandikwa.

Ndege iliondoka Songwe saa sita na nusu. Ilitua Dar es Salaam kiasi cha saa nane kasoro, na mpaka hapo alikuwa amezikata kilomita 690 kwa mstari wa angani na bado saa mbili mkononi. Kwa hesabu ya jedwali alikuwa amekwisha kufika. Zilibaki kilomita 70 na kidogo, masafa ambayo watu wa Unguja huyakata kwenda kununua spea na kurudi jioni. Ila ndege ndogo ya kwanza ilijaa, ya pili ikajaa, watalii wakiwa wameshika nafasi zao tangu makwao. Boti ya alasiri ingemfikisha magharibi. Alipata kiti katika ndege ya saa kumi na robo.

Dada alipiga simu saa tisa. Mwanafunzi wake mmoja wa skuli ndiye aliyemshikia simu sikioni, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na maji ya kuoshea maiti. Alimwuliza yuko wapi, naye akamwambia, na dada akampa Mjomba simu.

Mjomba alikuwa mtu mzima sana, baharia wa zamani aliyekwenda Bombay na Karachi kwa majahazi alipokuwa kijana, na aliyekuwa baharini mama yake mwenyewe alipozikwa. Hakumlaumu mtu.

"Mwanangu," alisema, "maiti hangoji upepo. Mimi nitateremka mahali pako."

Swala ya jeneza ilisaliwa mara tu baada ya alasiri. Ndege yenye viti kumi na viwili ilivuka mkondo saa kumi na robo, ikatua saa kumi na dakika 35, na kwa kuwa hakuwa na mzigo alitoka mbio hadi barabarani. Kutoka kiwanjani hadi makaburi ya Mwanakwerekwe ni karibu sana, mwendo wa dakika chache pasipokuwa na magari mengi. Palikuwa na magari mengi. Alipofika, watu walikuwa wanatoka, wengine wakijipangusa udongo mikononi, na waliomtambua walisimama wakampa mkono mmoja mmoja. Mjomba alikuwa bado amekaa kitako kando ya kaburi, suruali imetapakaa udongo mwekundu mpaka magotini, anasubiri jua lipungue ndipo ainuke, kwa sababu ya miguu yake. Hawakusemezana. Kijana alipiga magoti, akaushika udongo, ukiwa bado na unyevu wa maji yaliyomiminwa. Walikaa hapo mpaka jua likatua.

Ukitazama siku ile kwa macho ya jedwali, hapana kilichoharibika. Masafa yalikuwa yaleyale, na kila ndege ilikaa angani muda ulioandikwa, labda hata pungufu. Siku nzima alikosa kiasi cha saa moja tu.

Mabaharia wa zamani walikuwa na faraja moja ambayo wasafiri wa leo hawana. Aliyekuwa Bombay mama yake akafariki Unguja hakujua. Aliletewa habari na chombo cha msimu uliofuata, au aliikuta mlangoni aliporudi, wakati kaburi limekwisha kuota majani na hitma zimekwisha kusomwa. Alilia kwa kilichokwisha. Simu imeondoa rehema hiyo. Sasa mtu wa Tunduma anajua saa ileile, anasikia sauti za wanaoosha, na anapewa siku nzima ya kuwahi. Washairi wetu wameimba sana kuhusu bahari inayotenganisha, mawimbi na tanga lililochanika. Ni vigumu kuona ni nani atakayeutungia shairi ukumbi wa kungojea ndege, wenye viti vya plastiki na kibao kinachoandika kwamba safari imechelewa, ingawa huenda humo ndimo mnamoliwa siku hizi zaidi kuliko gatini.

Katika miaka iliyofuata mambo kadhaa yalibadilika katika njia ile. Tangu Oktoba 2023 mabasi ya abiria yaliruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya marufuku ya miaka mingi, na anayepata habari magharibi halazimiki kungoja alfajiri. Wenyeji wa visiwani walioko Tunduma wamezifanyia kazi hesabu zao upya. Akiulizwa na mgeni Unguja ni mbali kiasi gani, mmoja wao, muuza vitambaa, hujibu bila ya kufikiri: ikitoka habari kabla ya isha, unazika, ikitoka alfajiri, omba Mungu, ikitoka adhuhuri, nenda kwenye hitma.

Kijana yule alikaa Unguja hadi hitma ya siku ya tatu. Kurudi, hakupanda ndege. Dada zake walimwuliza, naye akasema tiketi ni ghali, jambo ambalo ni kweli. Alivuka kwa boti, akalala Dar es Salaam, akapanda basi alfajiri. Alikaa dirishani, akaiona Mikumi na wanyama wake, akauona Mto Ruaha, akaupanda mlima wa Kitonga nyuma ya malori yanayokwenda kwa mwendo wa mgonjwa, akaziona Iringa na Makambako. Usiku ulimkuta Mbeya. Aliendelea asubuhi ya pili, Mbalizi, Mlowo, Vwawa, na hakuna hata kilomita moja kati ya zile 930 ambayo hakuwa macho. Foleni ya malori ilianza Mpemba kama kawaida. Basi liliposimama, alitoa simu mfukoni kumwarifu Dada kwamba amefika salama. Ilikuwa imekwisha kushika mnara wa Nakonde, na imeirudisha saa nyuma, saa moja kamili.